Kufuli Mbele ya Rejeta

Mke wangu Wanjira hanunui maharagwe katika soko la Gakoromone kabla ya kuzamisha mkono guniani hadi kwenye kiwiko. Mwaka wake wa kwanza wa biashara aliuziwa gunia lenye maharagwe juu na mchanga chini, na tangu hapo haamini kitu ambacho hajakifikia mwisho wake. Maziwa huyanusa. Mimi nikirudi na gari, huchungulia geji ya mafuta kabla ya kunipa chai.

Jirani alipoibiwa rejeta ya gari lake, Wanjira alimwita fundi wa kuchomelea. Sehemu ya mbele ya gari letu ikazibwa kwa bamba la chuma lenye vitundu vidogo, kisha likatiwa kufuli. Ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na msalaba wake. Nilimwambia gari sasa limevaa sufuria, lakini hakucheka.

Mama yake, Ciakuthii, alikuwa kwetu Meru miezi minane akitibiwa kifua. Baridi yetu ilimchosha, akataka kurudi kwake, mbele kidogo ya Gachoka, kwenye nyanda za joto za Mbeere, akalale kwenye kitanda chake. Daktari alikubali kwa sharti moja tu: asivute vumbi. Maana yake madirisha yafungwe, na kule Mbeere, ndani ya gari lililofungwa bila kiyoyozi, mtu huiva. Tulijaribu mwezi wa pili. Tulipoacha lami, kiyoyozi kikaanza kupuliza hewa ya moto, mama akaishiwa pumzi, tukafungua dirisha, vumbi likaingia, na safari ikaishia hospitalini Embu. Wanjira alijilaumu kwa majuma.

Mafundi wawili wa Makutano, hapo hapo Meru, walilishughulikia gari hilo. Kila mmoja aliomba bamba litolewe na kila mmoja alinyimwa, kwa kuwa kwa maoni ya mke wangu, fundi anayetaka kufunguliwa ameshapata mnunuzi wa rejeta. Basi waliongeza gesi, wakawasha, baridi ikatoka. Wanjira akashuka hadi Gachoka kuhakikisha, na huko hewa ikawa ya moto vilevile. Alirudi akiwaita wezi. Nami, Mungu anisamehe, niliitikia.

Wa tatu alikuwa Kaimenyi, mtu mpole wa maneno machache, na hilo pia lilitiliwa shaka. Aliweka kiganja penye tundu la hewa, akatazama mawingu, akakataa kulipwa.

"Mama, hapa Meru hata AC mbovu inakaa nzima," alimwambia Wanjira. "Twende nayo huko chini kwenye inasumbua."

Ciakuthii aliposikia kuna gari linaloshuka Gachoka, alivaa viatu, na hakuna aliyeweza kumvua. Wanjira alikipiga picha kitambulisho cha fundi, akamtumia kaka yake Mbogo na maagizo kwamba tusipofika kufikia saa tisa aanze kututafuta. Mimi niliendesha, Kaimenyi akakaa kando yangu. Nyuma, Wanjira alikilinda kisogo cha fundi kwa macho mpaka Embu.

Kwenye lami kiyoyozi kilikuwa kizuri. Tulipoingia njia ya vumbi gari likawa linatambaa juu ya mashimo, na haikupita dakika kumi hewa ikageuka moto. Ciakuthii akaanza kukohoa.

"Umefanyia hii gari nini?" Wanjira akamuuliza fundi.

Kaimenyi aliniambia nisimamishe gari bila kuzima injini. Alichukua chupa ya maji, akayamimina polepole juu ya bamba yapenye kwenye vitundu. Ndani baridi ikarudi, na Ciakuthii akainua mkono kutuonyesha. Maji yalipokwisha, joto likarejea. Fundi akaeleza kwamba nyuma ya bamba kuna mabomba membamba yanayotoa joto la gesi. Meru upepo mdogo unayatosha, na kwenye lami mwendo wa gari unasaidia. Hapa, kwa joto hili na mwendo huu, upepo unaopenya kwenye vitundu vya bamba hautoshi. Kisha alikwenda kuketi juu ya jiwe. Hakuomba ufunguo.

Wanjira alikuwa ameushika shingoni kwa ngumi. Nami nilikuwa nikiwaza jinsi mahali pale palivyo mbali na watu.

Ciakuthii aligonga kioo. Alisema kwa Kimbeere, akikatizwa na kikohozi, "Wanjira, gari umelilinda vizuri. Sasa nilinde mimi."

Wanjira alifungua kufuli mwenyewe. Bamba lilimchoma vidole, lakini hakuliachilia mpaka alipoliweka chini. Baada ya muda mfupi mama akaomba shuka ajifunike. Mke wangu aliketi kando yake akalia waziwazi, na mama akamwambia afunge mlango, vumbi linaingia.

Nyumbani kwa mama tulikuta tangi la maji limekauka. Wanjira alimpa Kaimenyi mitungi, na juu ya mitungi akamwekea funguo za gari.

"Tuletee maji kutoka Gachoka, fundi," alisema.

Nilidhani ninaota. Fundi alikwenda peke yake, akakawia karibu saa nzima. Aliporudi, Wanjira alipokea maji, akamshukuru, akamkaribisha chakula huku vidole vyake vimefungwa kitambaa. Hakulikaribia gari. Mimi ndiye niliyezunguka upande wa dereva, nikachungulia geji ya mafuta.