Mtoto wa Bibi Hagombezwi

Naona aibu kuandika hili, lakini daftari halina mdomo. Nilikuwa namwonea wivu mtoto wa miaka minne, tena mdogo wangu wa tumbo moja. Si kwa nguo, si kwa kipande cha nyama. Nilimwonea wivu kwa jinsi mama alivyokuwa anamgombeza.

Mimi nimelelewa na bibi, mama yake mama, kule Mwamapalala. Nilipelekwa nilipoachishwa ziwa, nikarudi Bariadi kwa wazazi nilipofaulu kwenda sekondari. Bibi alikuwa na njia moja tu ya kufundisha adabu, nayo ni mwiko. Ukimwaga maziwa, mwiko. Ukichelewa na ndama, mwiko. Ukilia kwa sababu ya mwiko, mwiko. Lakini jioni ileile alikuwa ananikwangulia ukoko, na nilijua yameisha.

Kwa mama nilikuta mambo mengine. Nesi mmoja wa kliniki aliwaambia kina mama, siku ya kupima watoto, kwamba mtoto mdogo asichapwe kabla hajasikilizwa. Wenzake walicheka wakaondoka. Mama aliyabeba yale maneno mpaka nyumbani. Basi mdogo wangu akigaragara chini kwa kunyimwa muwa, mama anakaa pembeni yake anaendelea kuchambua mchele. "Umemaliza? Bado? Haya, endelea, mimi nipo." Akinyamaza, mama anachuchumaa mpaka macho yao yanakuwa sawa. "Imekuwaje?" Mtoto anaeleza. Kisha lazima atengeneze alichoharibu. Kamwaga maji, alete tambara. Kamsukuma mwenzake, akamwinue. Akifanya vizuri anasifiwa kwa maneno kamili, kama anayesomewa barua.

Jirani yetu alikuwa anapita uani anamchokoza mama. "Mchelea mwana kulia, wewe!"

"Nitalia mwenyewe, usiniletee kitambaa."

Baba naye, "Huyu analelewa kwa mikutano. Bado muhtasari tu."

Wote wakacheka isipokuwa mimi. Nikiunguza maharage, mama alisema, "Si kitu, mwanangu," akasugua sufuria mwenyewe. Nikichelewa kurudi shule, "Pole na safari." Asubuhi nilipopiga goti kumwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," aliniitikia vizuri mno, kama anavyowaitikia wageni wa parokia. Mgeni hagombezwi. Nilikaa mwaka na nusu katika nyumba ya mama yangu sijagombezwa hata mara moja.

Likizo ya Juni pamba ilikuwa imeshavunwa, imejaa sebuleni mafungu mawili: safi huku, na kule fifi, ile yenye madoa na majani makavu. Mwaka ule wanunuzi binafsi walikuwa wamekuja na mizani zao, wanagombania wakulima, na majirani wengi waliacha kuchambua kwa sababu hao wanazoa yote. Mama alikataa. "Wanunue watakavyo. Kwangu haitoki pamba chafu." Alichambua siku tatu. Siku ya tatu alimpakata mdogo wangu akamfundisha.

"Hii?"

"Safi!"

"Na hii?"

"Fifi!"

Mama akacheka, akamnusa utosini. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo ya maji kichwani. Hakuna aliyeniuliza hii ni ipi.

Mama alipotoka kwenda kisimani, mtoto akakimbilia vifaranga uani. Niliingia. Nikaisukuma fifi yote juu ya safi, nikaikoroga kwa mikono miwili mpaka kwenye viwiko.

Mama aliporudi hakupiga kelele. Alimwita mtoto, akachuchumaa.

"Nani kachanganya?"

"Si mimi."

Wiki ile alikuwa ameshadanganya mara moja, kwa sukari. "Nakuuliza tena, polepole."

"Si mimi, mayu."

"Haya. Utanisaidia kutenganisha mpaka utakapokumbuka."

Nilitegemea atagaragara. Hakugaragara. Alikaa chini akaanza kuokota moja moja, ananong'ona, safi, fifi, safi. Kisha akaninyooshea kiganja. "Dada, hii?" Hakuwa ananishitaki. Alitaka tu kujua kama amepatia.

Nikasema, "Ni mimi."

"Wewe nini?" mama akauliza, maana sauti yangu haifiki mbali.

"Nimechanganya mimi."

Aliinuka. Nilikuwa nimeshaapa moyoni: akisema "si kitu, mwanangu," leo leo narudi Mwamapalala, hata kwa miguu.

"Una wazimu?" mama alisema. "Siku tatu nimepinda mgongo! Msichana mzima, kidato cha pili, unakaa kimya mtoto anabeba kosa lako?" Kiswahili kikamwishia, akaendelea kwa Kisukuma, na Kisukuma cha mama akikasirika hakina koma. Nililia mpaka kamasi. Lakini nasema kweli, ndani ya kile kilio kulikuwa na utamu.

"Kwa nini lakini? Nimekukosea nini?"

"Mimi hunigombezi."

"Nini?"

"Yeye unamgombeza. Mimi unaniambia pole."

Mama akakaa juu ya gunia. "Wewe ni mtoto wa mama yangu," alisema. "Kila nikitaka kufungua mdomo nasikia sauti inaniuliza, huyu ulimlea wewe?" Akajifuta uso kwa kanga. "Mwombe radhi mdogo wako kwanza."

Nilipiga goti, nikamwomba radhi. Akafikiri. "Sawa," akasema. "Chambua."

Tukachambua, na mama hakunyamaza. Aliniambia ninavyoongea chinichini wageni wakija, kama mwizi. Aliniambia sketi ya shule haikaliwi kwenye vumbi. Aliniambia nikicheka nafunika mdomo, na meno sikuyaiba. Yote alikuwa ameyaona, akayaweka. Nilikuwa najibu "ndiyo, mayu," na moyo unaruka.

Mdogo wangu akaja akamvuta kanga. "Mayu, uji."

"Subiri. Naongea na dada yako."

Akajitupa chini, akapiga miguu, akalia kwa sauti ya kusikika mpaka kijiji cha Ngulyati. Mama hakugeuka. Alikuwa bado kwenye habari za sketi. Nami sikumhurumia hata kidogo.