Picha Laini Yapata Ukuta

Juzi nilikuwa dukani kwa mpiga picha mmoja wa Mji Mkongwe aliyeufufua mtindo wa kizamani. Hutanda kitambaa chepesi mbele ya lenzi, sura ikatoka laini kama imechorwa.

Mama mmoja alikuja kuchukua picha yake iliyokuzwa. Mteja wa pembeni yangu akachungulia, akaguna.

"Bi, hii imeharibika. Hata hujulikani."

Mama akakifuta kioo cha fremu kwa ncha ya buibui. "Miaka yote bwana wangu kanikataza kutundika picha yangu ukumbini, wageni wasinione. Alipoiona nakala ndogo ya hii, kanunua msumari mwenyewe. Wanaonijua watanijua."

Akatoka kaikumbatia, kichwa juu. Sisi tukabaki na picha zetu za pasipoti, chunusi zote zaonekana, na hapana ukuta unaozitaka.