Enzi Zetu Mgeni wa Harusi Hakuachwa Langoni

Nyinyi mliokua pamoja nami kule Nyakach, hebu niambieni, mliwahi kuona mgeni wa harusi akifungiwa nje kama mwizi? Mimi sikuwahi. Tulipokuwa wadogo, mchungaji akishamaliza kufungisha ndoa, ndipo raha inaanza. Tulitembea kwa miguu kutoka kanisani mpaka nyumbani, tukiimba njia nzima kupita soko la Pap Onditi, viatu vya Krismasi tumevishika mkononi visije vikachakaa.

Chakula kilikuwa bado kinapikwa, na hakuna aliyenung'unika. Ukifika tu, unapewa uji wa wimbi uliotiwa ndimu, kwenye kikombe cha bati kilichobonyea. Kina mama wa upande wa bibi harusi walishindana kuimba na wale wa bwana harusi, wakitaniana mpaka watu wanashika mbavu. Wazee walisimama mmoja mmoja kueleza ni watoto wa nani na mama zao waliolewa kutoka wapi. Sisi watoto tulitumwa maji, tukirudi tunavuta kamba na watoto wa wageni, tunaanguka na nguo zetu safi. Baba alizoea kutuonya, "Nisione mgeni amekaa hapa bila mtu wa kuongea naye."

Sasa sikieni yaliyotupata Jumamosi iliyopita. Achieng, binti wa marehemu kaka yangu, aliolewa hapa Kisumu. Nilikwenda na Waya Wilfrida. Waya ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita shangazi, na huyu amepita miaka themanini. Ndiye aliyemlea Achieng tangu akiwa mchanga. Kanisani mambo yalikwenda vizuri. Saa sita tukapelekwa kwenye bustani moja ya kukodi huko Milimani, tukakuta lango limefungwa. Viti vyeupe tunaviona ndani, vimepangwa chini ya hema, na sisi tumesimama barabarani juani.

Msimamizi wa sherehe, mwanamke nadhifu mwenye karatasi mkononi, akatuambia, "Poleni, wazazi wangu. Tutafungua maharusi wakirudi. Wameenda ufuoni kupigwa picha."

"Watarudi saa ngapi?" nikamuuliza.

"Saa nane hivi, ama saa tisa. Lakini Mama, kuna ukuta wa maua hapo kando. Mnaweza kupiga selfi."

Damu ilinichemka. Selfi! Mtu ameamka alfajiri, magoti yanamuuma, na wewe unamwonyesha maua ya plastiki! Nikageuka kuwatazama vijana wetu. Kila mmoja ameinamia simu yake, hakuna anayemsalimu jirani, utafikiri ni foleni ya kung'oa meno. Saa saba ilipopita, Waya akaanza kuyumba. Akanishika mkono, akasema polepole, "Mwanangu, kama Achieng hanihitaji, nirudishe nyumbani."

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikampigia Achieng.

"Waya amesimama juani, langoni kwako," nikamwambia. "Anataka kurudi nyumbani."

"Anti, langoni? Mimi nimeambiwa mmekaa mnakunywa chai!"

Haikupita nusu saa, gari likafika. Achieng akashuka na gauni limejaa mchanga, akamkumbatia Waya mbele ya watu wote, machozi yakiharibu ile rangi aliyopakwa usoni tangu asubuhi. Kisha akamgeukia msimamizi. "Fungua," akasema. "Picha zilizobaki sizitaki."

Lango likafunguliwa. Waya akakalishwa mbele kabisa, akaletewa chai, na hakuthubutu mtu kumwambia kile ni kiti cha bibi harusi. Achieng alikula amesimama karibu naye.

Mimi hasira yangu haijaisha. Harusi nyingi za utoto wetu hazikupigwa picha hata moja, lakini mpaka leo naweza kukutajia nani aliketi na nani, na walicheka nini. Kijana wa Jumamosi iliyopita ana picha mia moja kwenye simu yake. Muulize jina la mtu aliyesimama naye bega kwa bega pale barabarani, muda wote ule. Hatakujibu.