Kadi Isiyolipia Maongezi

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la bima, katika hospitali moja mkoani kwetu Singida. Mbele yangu alisimama mzee mkulima kutoka Sepuka, binti yake amemshika kiwiko.

"Shikamoo, mzee," karani alisalimu, akapekua faili. "Vidonge vya usingizi vimo kwenye bima. Kuonana na mshauri nasaha hakumo. Hayo ni maongezi tu, siyo matibabu."

Binti alimweleza kwa upole kwamba tangu mama yake azikwe, baba alikaa miezi miwili bila kumjibu mtu, chakula akikisogeza pembeni. Mshauri alipokaa naye mara tatu, ndipo alipoanza kuomba uji.

"Orodha ndiyo inavyosema, dada," karani alijibu, akimgeuzia karatasi aione.

Mzee hakuitazama. Aliweka kiganja dirishani, akasema polepole, "Mjukuu wangu, vidonge vinanilaza. Yule mama mshauri ndiye anayeniamsha."

Karani alishika kalamu, akaitua. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma, akarudi na mshauri mwenyewe, mama wa makamo, ambaye alimwongoza mzee hadi kwenye benchi la nje.

"Hapa hatuhitaji fomu, baba," alimwambia.

Walikaa. Baada ya kitambo nilimsikia mzee akitaja jina la marehemu mkewe, na binti yake akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Simlaumu karani, orodha hakuitunga yeye. Walioitunga, nadhani, bado hawajazika wenzi wao.