Karani wa Mipaka na Uzi wa Leso

Bi Kadzo alikwenda shuleni, kwenye kikao cha kusikiliza maoni juu ya mipaka mipya, kugomba, akajikuta anamtazama mtu. Karani wa mipaka, mgeni wa kutoka bara, alikuwa ameitandaza ramani mpya ya wadi juu ya dawati, na kila akitaka kuigusa huipuliza kwanza, kama apulizaye uji wa mtoto. Penseli haimtoki vidoleni. Kalamu ya wino imekaa sikioni tangu asubuhi, hajaiteremsha kwa ajili ya mtu yeyote. Yeye ndiye humwamkia kila ajaye, kisha humwuliza anachota maji wapi. Na sauti yake ni ya chini, hata anapotukanwa.

"Kijiji chenu kinahamishiwa wadi ya ng'ambo ya Sabaki, nyanya, ili idadi ya watu ilingane," alisema, akaweka rula. "Kituo cha kura ni kilomita tatu tu."

"Rula yako imevuka mto bila kulowa, mwanangu. Nikivuka mimi, kura yangu ataipiga mamba."

Watu wakaangua kicheko. Karani hakucheka. "Daraja liko wapi?" Bi Kadzo akachomoa uzi kwenye pindo la leso yake, akamwonyesha daraja kwenye ramani, akamwambia aulaze juu ya njia yote, hadi darajani na kurudi upande wa pili. Karani akaulaza kona kwa kona, akiubana kwa kucha, ncha ya ulimi nje. Akaunyoosha kwenye rula: kilomita ishirini na mbili. Akaupima tena. Ndipo mkono ulipopanda sikioni, akaishusha kalamu ya wino, akaandika pingamizi la Bi Kadzo pamoja na zile kilomita ishirini na mbili, akamsomea.

"Soma tena," alisema Bi Kadzo.

Karani akasimama wima, akasoma tena.