Kompyuta ya Baba Mkwe

Ukurasa wa chuo ulikataa kufunguka, na mbele yangu alikaa binti wa Issenye aliyepanda bodaboda kisha basi mpaka Tarime mjini ili nimjazie maombi. Nikabonyeza tena. Kioo kikaleta maneno yaleyale, kwamba muunganisho salama umeshindikana. Mtandao ulikuwepo, simu yangu ilikuwa inafungua ukurasa uleule bila shida. Binti akanitazama, akaitazama kompyuta, akachukua mkoba wake kwa adabu.

"Dada, ngoja nijaribu pale ng'ambo."

Akavuka barabara. Hakuwa wa kwanza wiki ile.

Sababu nimekuja kuijua baadaye, na kila nikiieleza napandwa na hasira upya. Tovuti za vyuo, za mikopo, za vyeti, zote siku hizi husimba maneno yako, yaani huyageuza kuwa fumbo ili mtu wa katikati asiyasome. Kila baada ya muda wanaleta fumbo gumu zaidi na kulikataa la zamani. Kompyuta yangu ilikuwa na Windows ya zamani, iliyojua mafumbo ya zamani tu. Ilikuwa inaandika, inachapa, inatoa kopi kama kawaida. Haikuwa mbovu. Walikuwa wameifungia nje tu.

Kuifungia nje kompyuta ile kulikuwa ni kunifungia nje mimi. Chumba cha steshenari ni cha baba mkwe, cha mbele ya nyumba yake hapa Nyamisangura. Kompyuta pia ni yake, aliinunua alipostaafu ualimu mkuu. Mimi niliolewa nikiwa na cheti changu cha kidato cha nne, mtoto akaja kabla sijafika popote, na mume wangu anafanya kazi mgodini, Kewanja, anarudi akipata nafasi. Chumba kile ndicho mahali pekee ambapo ninafanya kazi mtoto akiwa mgongoni na hakuna anayeniuliza nimemwacha na nani.

Shemeji yangu alikuwa anakitaka. Alisimama mlangoni anatafuna muwa.

"Shemeji, hilo boksi limekufa. Jumamosi naleta mashine ya kubeti."

"Halijafa."

"Basi lifungulie hata ukurasa mmoja tuone."

"Na hayo makapi ya muwa utafagia wewe."

Akacheka. Alijua baba yake ameshasema: kama kufikia Jumamosi kompyuta haifanyi kazi, chumba anapewa yeye.

Nikampigia mume wangu. "Ongea na mama," akasema. Asante sana, baba mtoto.

Nikaibeba mpaka Sirari kwa fundi. Pikipiki, mtoto mgongoni, boksi mapajani limefungwa kwenye khanga. Fundi hakuchukua hata dakika.

"Hii ni ya kutupa, mathe. Windows mpya haiwezi kuingia hapa, memori ni kidogo. Nunua ingine."

"Mathe nani? Unajua mimi na wewe nani alitangulia kuzaliwa?"

"Pole, sista. Usinichape."

"Sijaja kununua. Nimekuja kuitengeneza."

Akakuna kichwa, akasema kipo kiraka. Waliotengeneza Windows wenyewe walikitoa, cha kuzifundisha zile za zamani fumbo jipya. "Lakini ni kazi ya kichaa. Ukikosea mpangilio, inakataa."

Nikarudi nyumbani nikiwa na matumaini, na hapo ndipo nilipotaka kulipiga lile boksi teke. Kiraka kipo kwenye tovuti ya hao waliokitengeneza. Na tovuti yao haifunguki mpaka uwe na fumbo jipya. Yaani dawa wameifungia ndani ya zahanati ambayo huingii mpaka uwe umepona! Nani alikaa akafikiri hivyo? Ana watoto huyo?

Nikakipakua kwa simu, nikakihamisha kwa waya. Kompyuta ikasema kiraka hiki si chake. Nikasoma mpaka macho yakauma: kumbe kabla yake kinatakiwa kiraka kingine kikubwa, cha zamani zaidi. Bando likaisha katikati. Nikaweka jingine. Mwishowe vyote viwili vikawa ndani, nikabonyeza kusakinisha, nikaulizwa neno la siri la mwenye kompyuta.

Mwenye kompyuta ni baba mkwe.

Msomaji wa kwingine ataniuliza kwa nini sikwenda kumuuliza. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, na jina lake halitoki mdomoni mwangu. Tangu niolewe, maneno yetu yote yamepitia kwa mama mkwe. Basi nikamtuma mama. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi anacheka mpaka anashika ukuta.

"Hilo neno siwezi kukuletea."

"Kwa nini, mama?"

"Ni jina lake. Hata mimi silitaji. Ananijua ni mama wa watoto wake, namjua ni baba wa watoto wangu, imeisha."

Majina yake yako kwenye cheti cha kuzaliwa cha mume wangu. Nikajiambia kuandika si kutamka, nikalichapa moja. Likakataliwa. Nikachapa la pili. Likakataliwa. Mama akawa ananitazama kama ninayevua nguo hadharani.

"Acha," akasema. "Si hayo ya kwenye cheti. Atakuja mwenyewe. Wewe toka."

Nikatoka kwa mlango wa barabarani, mtoto mgongoni, nikasimama juani. Baba mkwe akaingia kwa mlango wa ndani. Nikamsikia anabonyeza herufi moja moja, kwa nguvu, kama anayepigilia misumari. Akatoka.

"Ingia!" akaita mama.

Nikaingia. Kiraka kikubwa kikaanza kutambaa. Kompyuta ikajizima, ikawaka, nikaweka cha pili. Ikauliza neno la siri.

"Mama!"

"Tena?"

Nikatoka. Akaingia. Muuza nyanya wa pembeni akaniuliza kama nimefukuzwa. Nikarudi ndani, nikakuta amebonyeza kukataa badala ya kukubali, nikaanza upya, nikatoka tena. Baada ya hapo kulikuwa na mpangilio mmoja wa kubadilisha ili kompyuta ilitumie fumbo jipya, na huo nao ukataka ruhusa. Safari hii nilimsikia mzee akifoka humo ndani, sauti ya mwalimu mkuu hasa: "Inaniuliza mimi ni nani mara ngapi?" Nusura nimpende.

Akakawia. Nilidhani amekasirika, kumbe, mama aliniambia baadaye, alikuwa anasoma nilichoandika kwenye karatasi na kukibandika ukutani: viraka, mpangilio wake, kipi kabla ya kipi. Alipotoka, nikasikia wanazungumza Kikurya na mama, sauti chini.

Nikaingia. Nikaandika anwani ya chuo. Ukurasa ukafunguka, taratibu, picha za majengo zikishuka vipande vipande, na alama ya kufuli dogo, ya muunganisho salama, juu pembeni.

Mama akainama kutazama. "Ni huu?"

"Ni huu."

"Jasho lote hili ni kwa ajili ya huu?"

Akaenda kumwambia.

Jumamosi shemeji alikuja na mashine yake juu ya guta, na vijana wawili wa kuishusha. Walipoanza kuishika, baba mkwe akasema kutoka ndani, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba chumba kile kina kazi na kazi yenyewe ameiona kwa macho yake. Hakuniambia mimi. Mimi nilikuwa na foleni, kompyuta inakwenda kama kobe, na mtoto ameanza kulia.

Shemeji akaingiza kichwa dirishani. "Umempa nini mzee?"

"Sogea," nikamwambia. "Kuna watu nyuma yako."