Mtu wa Mgwisho Nyuma ya Kiti cha Mfalme

Picha ile niliikuta ukutani kwa Biji, kule Westlands, nilipoandikwa kulea watoto wake. Biji ni kama kusema Mama kwa lugha ya Makalasinga. Watoto walimwita hivyo, nami nikafuata. Picha ilichorwa kwa mkono juu ya karatasi, zamani sana, kwao Punjab, ikaja na wazee wa mume wake. Ilionyesha baraza la mfalme. Mfalme amekunja miguu juu ya kiti cha dhahabu, lulu shingoni, na mbele yake kwenye zulia wameketi wakubwa wake, kila mmoja na kilemba cha rangi yake na upanga mapajani. Mmoja amebeba mwewe mkononi. Ndevu zao sasa, wee! Mchoraji alizichora unywele mmoja mmoja, mpaka ungetaka kuzichana.

Nikipangusa vumbi nilikuwa nawasalimia. Siku moja Biji akanikuta.

"Unasalimia nani?"

"Mfalme."

"Mfalme ni gani?"

Nikamwonyesha yule aliyesimama nyuma ya kiti, pembeni kabisa, nguo nyeupe, ameshika mgwisho, ule mkia wa kufukuzia nzi. Kwetu mgwisho haushikwi na mtu yeyote tu. Unashikwa na mzee mkubwa, na akiuinua watu wananyamaza. Wale waliokaa chini niliwaona kama wageni waliokuja kumsikiliza.

Biji alicheka mpaka akakalia mkono wa kochi. "Huyo ni mtumishi! Kazi yake ni nzi! Ukikaa karibu na mfalme wewe mkubwa, ukikaa mbali wewe mdogo, ukisimama na hiyo mkia wewe ni wa kazi."

"Basi kwenu mambo ni kinyume," nikamwambia. "Kwetu huyu angewafukuza wote."

Tangu siku hiyo akaanza kunifundisha majina ya waliokaa, vile mama mkwe wake alivyomfundisha. Shule niliiacha mapema, lakini jina likiingia kichwani mwangu halitoki. Ninayo yote hadi leo, na nani alikuwa shemeji ya nani. Siyaandiki kwa sababu wana vizazi vyao huko. Tulipofika kwa yule wa mgwisho, Biji akasema hana jina. Hakuna aliyemfundisha.

Hilo likanisumbua. Baba yangu alifanya kazi ya kusimama nyuma ya viti vya watu katika hoteli mjini, kitambaa mkononi, na waliokuwa wakila hawakuwahi kumuuliza anaitwaje. Nikamwambia Biji, huyu mimi nampa jina la baba. Kwetu jina la mzee hupewa mtoto ili lisipotee. Hili likapewa mtu wa karatasi. Biji akalirudia polepole mpaka akalishika. Baada ya hapo nzi akiingia nyumbani, Biji aliita jina la baba kwa sauti: "Njoo ufanye kazi!" Tukacheka huku maziwa yanamwagika jikoni.

Mwaka jana nyumba iliuzwa ili pajengwe magorofa. Kazi niliacha kitambo, lakini Jumamosi nilikuwa natoka Kangemi kwenda kumsalimia Biji, ambaye macho yake sasa yanaona kivuli tu. Nikakuta maji ya mvua yamepita ukutani, fremu imeoza, na picha ina doa ukingoni. Mjukuu wake wa kike, aliyetoka ng'ambo kuja kumchukua, akaniomba nimsindikize River Road kwa fundi wa fremu. Alitaka fremu ndogo, iingie kwenye sanduku.

Fundi akaweka rula. "Hapa tukate tu, madam. Doa inaenda, na wakubwa wote wanabaki."

Nikaiangalia ile rula. Ilikuwa imelala kati ya kiti cha mfalme na baba.

"Ngoja," nikasema. "Huyo hakatwi."

"Shosho, ni mtumishi tu," mjukuu akaniambia, akiniita bibi kwa upole, hakuwa na ubaya. "Hata Biji hajui ni nani."

"Muulize Biji."

Akapiga simu, akaongeza sauti ili nami nisikie. Biji alikuwa ameanza kusahau. Wiki iliyotangulia aliniuliza kama nimeshaolewa. Kama na hili amelisahau, picha si yangu, ningesema nini?

"Biji, kuna mtu hapa pembeni, ana mkia wa nzi. Tumkate?"

Nje mikokoteni ilipita, watu wakipigiana makelele. Kisha Biji akataja jina la baba yangu, lote, pamoja na la ukoo.

"Mpe fundi simu," akasema. Fundi akainama. "Wewe fundi, ukikata huyo mimi nitakuja kukata masikio yako. Na nzi nani atafukuza? Wewe?"

"Hapana, Mama," fundi akajibu, na rula akaiondoa haraka.

Fremu ikatoka kubwa, hakuna sanduku lililoitosha. Jioni tuliiegemeza kwenye kochi, na Biji akapitisha kiganja juu ya kioo.

"Yupo?"

"Yupo, Biji. Ana doa la maji miguuni, lakini yupo."

"Mwambie asimame vizuri. Safari ni refu."

Akanituma chai, tunywe sisi wawili kabla picha haijafungwa.